Viwavi Ndani ya Ngitili

Siku Boniventura alipovunjwa mguu na dume la kulimia, hakuagiza habari za mtoto wala za mama yake mzazi. Aliagiza nyasi. Nasema kweli tupu. Mtu amelazwa nyuma ya lori la mwenye duka wa Bariadi, mguu umefungwa fito mbili na kanga ya mkewe, anapelekwa hospitali ya misheni kule upande wa ziwani, jasho linamchuruzika mpaka puani, na neno lililomtoka ni moja.

"Kornelia, ngitili."

"Nimesikia, baba Felisita."

"Mguu waachie wamisheni. Wewe nitunzie ngitili. Nikirudi nikakuta unyayo mmoja wa ng'ombe humo ndani, njia ya kwa baba yako unaijua."

Waliomsindikiza wakacheka, maana mgonjwa akitoa vitisho ni dalili kwamba atapona. Kornelia hakucheka. Alikuwa na miaka mitatu tu katika kaya ile, binti mmoja mgongoni, na mume asiye na mazoea ya kusema jambo asilolimaanisha.

Kwa asiyezijua taratibu za Usukumani, ngitili ni kipande cha malisho ambacho mtu hukizungushia miiba mvua zinapoanza, kisiguswe na ng'ombe wala mbuzi, wake au wa jirani. Majani yanakua, yanazaa mbegu, yanakauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kikishakausha dunia nzima, ndipo mwenyewe hufungua na mifugo yake ikapona. Na ngitili ya mtu haiingiwi na mtu mwingine, hata kuokota kuni. Asiye na ngitili, mwezi wa tisa humkuta anamwinua ng'ombe kwa mkia kila asubuhi, leo anasimama, kesho anasimama, keshokutwa mkia unabaki mkononi na ng'ombe yuko chini.

Kornelia aliijua kazi hiyo ya mikia. Mwaka wa hamsini na nne Boniventura hakuwa na ngitili. Kiangazi kilipoanza walikuwa na ng'ombe ishirini na mmoja. Kilipoisha walikuwa saba. Yeye na mama mkwe wake, bibi Nyanjige, ndio waliokuwa wakiinua, mmoja mkiani na mwingine kwenye pembe, mpaka mikono ikachubuka. Ndiyo maana mwaka uliofuata Boniventura akazungushia miiba mteremko wote ulio chini ya nyumba yake, akaulinda kama mboni ya jicho.

Sasa sikiliza jinsi mashamba yalivyokaa, maana hapo ndipo penye mambo. Shamba la mtama la Kornelia lilikuwa juu, nyuma ya nyumba, ng'ambo ya mawe. Ngitili ilikuwa chini ya nyumba. Chini ya ngitili kilipita kijia chembamba, na ng'ambo ya kijia lilianza shamba la Stephania, mke wa Salu, mwanamke wa maneno mengi na jembe lisilochoka. Baada ya Stephania yalifuata mashamba ya wengine, moja baada ya jingine, mpaka mtoni. Kitu chochote kikitoka ngitilini kikashuka, kitakanyaga kwanza kwa Stephania. Kwa Kornelia hakipandi.

Na mwaka ule mtama haukuwa wa kuchezea. Mvua za vuli zilipita kapa. Mbegu ya kwanza iliungua ardhini. Mvua ilipokuja kunyesha kweli, mwezi wa pili mwishoni, watu walipanda mbegu ya mwisho, ile iliyokuwa imewekwa ya kula. Stephania alipanda mpaka ile ya ndani ya chungu cha marehemu mama yake. "Huu ukifa," alisema, akipangusa mikono, "tutapanda meno yetu." Haikuwepo mbegu nyingine, si kwake wala kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji mwenyewe.

Bwana shamba Januarius alikuwa amepita na baiskeli yake kuonya. Alisimama uani kwa mwanangwa akachora mavumbini kwa kijiti. "Mwaka wa ukame ukifuatwa na mvua kubwa, ndio mwaka wa viwavi. Weusi, wana mistari ubavuni, wanatembea kwa jeshi. Ukimwona mmoja usilale naye. Toa habari siku hiyohiyo." Watu wakaitikia, wakatawanyika. Kornelia alishika neno moja zaidi ya yote: weusi.

Basi, katikati ya mwezi wa tatu ikaja mvua ya upepo kutoka kusini, ya kung'oa makuti ya paa kama yangekuwepo. Ilipokatika, jua lilikuwa ndio linazama. Kornelia aliwasha koroboi, akaketi kusonga ugali, na mara nyumba ikajaa nondo. Si watano, si kumi. Walikuwa wa rangi ya majivu, wadogo kama ukucha wa kidole gumba, wakaizunguka koroboi, wakaangukia kwenye mlenda, wakamwingia Felisita shingoni mpaka mtoto akalia.

"Lo! Hawa nao wametoka wapi?" Kornelia akawapunga kwa ungo.

Nyanjige alikuwa ukutani ananusa ugoro wake. Bibi yule magoti yalikuwa yamemkatalia safari, lakini ulimi ulikuwa bado msichana. "Hao ni wageni wa mvua," alisema. "Wameletwa na upepo kutoka mbali. Waache. Nondo hana meno."

"Wanaharibu mboga, mayu, mama yangu."

"Mboga utapika nyingine. Nakwambia nondo hana meno. Wenye meno ni watoto wake."

Kornelia alicheka, akawatoa nondo kwenye mlenda kwa kijiko, wakala. Asubuhi hakuonekana hata mmoja isipokuwa waliokufa. Wengine walikwisha kujificha kwenye majani, na majani mengi, mabichi, yasiyokanyagwa na mtu, yalikuwa mahali pamoja tu kijijini.

Siku ya nane baada ya mvua ile, Kornelia alishuka kukagua miiba ya uzio. Upepo ulikuwa umeangusha matawi mawili upande wa kijia. Aliyarudisha, na kwa kuwa alikuwa amefika, akaingia ndani kidogo kutazama amana ya mumewe. Majani yalimfika magotini. Akainama kuyashika, akaona kitu asichokielewa. Jani lilikuwa limekwanguliwa upande mmoja, limebaki utando, ukilinyanyua unaliona jua kupitia humo. Jani la pili hivyo hivyo. La tatu. Akapuliza, na kutoka kwenye jani vikaning'inia vidudu kwa nyuzi nyembamba, vidogo, vya kijani, kila kimoja kama uzi wa kushonea.

Akatazama huku na huku kama mwizi. Hakuna mtu. Akahamia kushoto hatua ishirini, huko nako wapo. Kulia, wapo. Kila alipoinama, wapo.

"Si weusi," alisema kwa sauti, peke yake. "Hawa ni wa kijani."

Akarudi nyumbani na neno hilo amelishika kama mtu aliyeshika tawi mtoni. Bwana shamba kasema weusi. Wa kijani ni wadudu wa majani tu, kila mwaka wapo. Na akienda kusema, itakuwaje? Mwanangwa atakuja na watu, watasema ngitili ifunguliwe, ng'ombe wa kijiji kizima waingie wale na kukanyaga kila kitu, au ichomwe. Mvua imebaki mwezi mmoja na kidogo. Majani hayataota tena ya maana. Kiangazi kitakuja, saba watakuwa wawili. Boniventura atarudi na fimbo yake, atakuta nyayo mia mbili badala ya moja. Njia ya kwa baba yake aliijua, naam, na alijua vilevile uso wa baba yake akiombwa ng'ombe wa mahari warudi.

Siku hiyo hakumwambia mtu.

Kesho yake hakushuka ngitilini. Alijipa kazi huku juu, akapalilia mstari mmoja mara mbili. Lakini masikio yake yalikuwa chini. Mchana Stephania akapanda kuja kuomba moto, maana wake ulikuwa umezimika, na kama kawaida yake akaanza salamu na maneno kabla hajafika.

"Mwadila, mama Felisita! Mtama wangu umenifika hapa." Akajipiga kwenye goti. "Nimeuambia, usikimbie sana, utajikwaa. Wa kwako je?"

"Mhola. Haujambo."

"Na ngitili ya mwenye mguu? Naiona kwa mbali imenona, natamani ningekuwa ng'ombe. Nzima?"

"Nzima," alijibu Kornelia, akiinama kuchukua kaa la moto, na aliinama kwa muda mrefu kuliko kaa lilivyohitaji.

Stephania akabeba moto wake kwenye kigae, akashuka anaimba. Kornelia akasimama mlangoni akimtazama anavyopita kando ya miiba, mgongo umenyooka, na alitamani ardhi ipasuke. Angemwita. Alifungua kinywa amwite. Akakifunga. Kesho nitatazama tena, alijiambia, wakiwa bado kijani basi hakuna neno.

Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya tatu alishuka alfajiri, umande bado mzito. Hakuhitaji kuinama. Viwavi walikuwa wamenenepa mara tano, majani hayakwanguliwi tena, yanaliwa kuanzia pembeni mpaka kwenye uti. Na mgongoni mwa wengi kulikuwa na kitu kama moshi. Kijani kilikuwa kinaondoka. Upande wa chini, karibu na kijia, ambako walikuwa wamesongamana, aliwaona wengine wamekwisha kuwa weusi kabisa, na mistari ubavuni, kama walivyochorwa mavumbini.

Akachuma jani lenye viwavi wawili, mmoja kijani na mmoja wa moshi, akapanda mbio mpaka kwa mama mkwe wake.

"Mayu, hawa ni wadudu gani?"

Nyanjige akaweka kibweta cha ugoro chini. Akawatazama viwavi. Akamtazama mkwe wake. "Umewaokota wapi?"

"Njiani."

"Njia ya wapi, mwanangu? Njia haina majani."

Kornelia akalisogeza lile jani karibu na bibi.

"Hawa ni ndugu, tumbo moja," alisema bibi, akimgusa kila mmoja kwa ncha ya ukucha. "Kiwavi akiwa peke yake kwenye jani lake, hubaki kijani mpaka anaingia ardhini, na hana ugomvi na mtu. Wakisongamana, wanageuka weusi. Wakishakuwa weusi hawakai. Wanatembea. Nilikuwa binti wa kubeba maji walipokula kwetu. Mtama asubuhi tunauona, jioni tukabaki na vijiti." Akamgeukia mkwe wake. "Uliwaona lini?"

"Leo."

"Leo?"

"Leo, mayu."

Bibi akalitazama tena jani, muda mrefu, kisha akalikunja na kulisaga chini kwa kisigino. "Haya. Kafungue ngitili."

"Boniventura atanirudisha kwetu!"

"Boniventura ana mguu mmoja. Hawa wana miguu mingi, na wameshaanza kuamka. Kafungue, waingie ng'ombe wote wanaopatikana, wale na wakanyage kabla jua halijapanda. Na watu wachimbe mfereji kwenye kijia. Unangoja nini? Unangoja mimi niende na magoti haya?"

Kornelia akatoka uani, akaweka mikono kinywani, akapiga mwano, ule ukelele wa kuita watu kwenye hatari. Mwano ukapokewa kaya ya pili, ya tatu, mpaka mtoni. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kufika kwenye uzio. Hakuwa na panga. Aling'oa miiba kwa mikono, matawi yale aliyoyapanga mumewe kwa siku kumi na mbili, akayatupa nje huku damu inamtoka viganjani, na hakusikia maumivu hata kidogo. Kilichomuuma kilikuwa kingine.

Ng'ombe waliingia. Wa mwanangwa, wa Salu, wa kila mtu, na wale saba wa Boniventura katikati yao, mia mbili na zaidi. Walikula kwa pupa, maana tangu mvua ianze walikuwa wakiitamani ngitili ile kwa macho. Kwato zikawasaga viwavi mpaka ardhi ikateleza. Chini, kwenye kijia, wanaume kwa wanawake walishika majembe. Kwa kawaida watu wa kule hawalimi pamoja bila wimbo. Siku ile hakuna aliyeimba. Walichimba mfereji wa kina cha mkono, ukuta wake wa upande wa shamba umekatwa wima, kiwavi akitumbukia asiweze kupanda.

Lakini pembe ile ya chini, palipokuwa na msongamano, walikwisha tangulia. Jua lilipopata joto, weusi walishavuka kijia kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Walikuwa ndani ya mtama wa Stephania. Ukitulia uliwasikia wakitafuna. Stephania alikuwa ameacha mfereji, yuko katikati ya mistari yake na ufagio wa matawi, anapiga kulia, anapiga kushoto, kanga imemdondoka kichwani, hasemi kitu. Mwanamke wa maneno yale yote, hasemi kitu. Kornelia aliingia naye, akawaokota kwa mikono na kuwaponda kwa vidole. Waliokota mpaka jua likazama, na kesho yake, na siku ya tatu tena, walipofanikiwa kukata mfereji mwingine kupitia katikati ya shamba lenyewe. Chini ya mfereji huo mtama ulisimama. Juu yake vilibaki vijiti.

Nusu shamba. Mistari arobaini na moja. Kornelia aliihesabu yote.

Bwana Januarius alifika siku ya nne kwa miguu, baiskeli ameiacha kwenye tope, begani amebeba gunia la dawa ya unga. Alinyunyiza palipobaki viwavi, kisha akachimbua kwa ncha ya panga akawaonyesha watu vijidudu vya rangi ya kahawia, vimelala kwenye udongo kama mbegu za ukwaju. "Hawa ndio walionusurika. Siku kumi hivi watatoka nondo, upepo utawachukua, watakwenda kutaga kwa wenzenu wa mbele. Huo ndio mwendo wao: mvua inawaleta, majani yanawalea, udongo unawaficha, upepo unawahamisha." Kisha akageuka, na Kornelia alitamani asigeuke. "Lakini nataka mumshukuru mama huyu. Kaona, na siku ileile akafungua malisho ya mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Angekaa siku tatu tu, mngekuwa mnalima vumbi mpaka mtoni."

Watu wakapiga makofi. Mwanangwa akamsifu, akasema huyu ni mwanamume. Kornelia alitazama chini, na waliomwona walisema ana haya, mkwe mwenye adabu zake. Stephania naye alipiga makofi, mara tatu, polepole.

Boniventura alirudi mwezi wa sita, na gongo kwapani. Hakuingia nyumbani. Alichechemea moja kwa moja mpaka ngitilini, akasimama kwenye nyasi fupi za kuonea huruma, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Kornelia alikuwa jikoni, amekwisha kufunga nguo za Felisita kwenye kanga. Mume alipoingia uani, macho mekundu, kabla hajafungua kinywa Nyanjige akamdaka.

"Mimi ndiye niliyeifungua."

"Mama?"

"Mimi. Ulisema atakayeingiza ng'ombe arudishwe kwa baba yake. Haya, nirudishe. Baba yangu amezikwa kule Kalemela, sijui utamdai ng'ombe gani."

Boniventura alitazama mama yake, akatazama mkewe, akatazama gongo. Mwishowe akaketi akaomba maji. Habari ya ngitili haikusemwa tena katika kaya ile. Usiku Kornelia alifungua kile kifurushi cha nguo, na badala ya kufurahi alilia. Mama mkwe amemkinga kwa mume. Kwa Stephania nani atamkinga?

Maana kiangazi kilikuja, na kilikuja na neema iliyomzidi nguvu. Wale waliovuna walikumbuka. Mtama uliopona ulikuwa na mabua, na mabua ni chakula cha ng'ombe. Kila kaya kuanzia kijiani mpaka mtoni ikaanza kumletea mkewe Boniventura mzigo wa mabua, leo huyu, kesho yule, "kwa ajili ya ile ngitili yako." Ng'ombe saba wakawa wanasimama wenyewe asubuhi, hakuna wa kushikwa mkia. Kila mzigo ulipotuliwa, Kornelia alisema asante, bila kumtazama usoni aliyeuleta.

Mwezi wa tisa mabua ya wengi yakaisha. Jioni moja akamwona Stephania anapanda kijia, kichwani mzigo mkubwa, umefungwa kwa kamba mbili. Alikuwa amekonda. Waliovuna shamba zima walikula milo miwili. Yeye na Salu na watoto walikula mmoja, na kila mtu alijua.

"Mwadila, mama Felisita."

"Mwadila, mama Kristofa." Kornelia akasimama. "Usiutue."

"Kwa nini? Shingo inaniuma."

"Usiutue kwanza. Nina neno." Akahema. Aliyapanga maneno hayo tangu mwezi wa tatu, na sasa yote yalikuwa yamekimbia, likabaki moja. "Si siku ileile."

Stephania akatulia, mkono mmoja umeshika mzigo.

"Niliwaona siku mbili kabla," alisema Kornelia. "Siku uliyokuja kuomba moto nilikuwa nimeshawaona. Nikakwambia nzima. Niliogopa mume wangu, niliogopa ng'ombe watakufa, nikasema ni wa kijani, hawana neno. Ile nusu yako ililiwa na mdomo wangu mimi."

Huko zizini ng'ombe mmoja alikuwa amenusa mabua, akalia.

"Nilijua," alisema Stephania.

"Ulijua?"

"Ulinipa moto bila kunitazama usoni. Na nilipoona wale weusi walivyonenepa, nami nalima, mama Felisita, najua kitu kilichoota leo na kilichoota juzi." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nilipiga makofi nikasema, atakuja kuniambia. Mwezi wa nne nikakungoja. Wa tano. Mavuno. Nikasema labda hatakuja."

Kornelia akapiga magoti pale pale uani. Stephania hakumwinua. Aliutua mzigo kutoka kichwani, akauweka chini kati yao, akafungua kamba ya kwanza, akafungua ya pili. Akaanza kuyagawa mabua, huku bua, huku bua, bila haraka, mpaka yakawa marundo mawili sawasawa. Rundo moja akalifunga kwa kamba yake.

"Nusu ililiwa," alisema. "Hii iliyobaki ni ya ng'ombe wako."

Akajitwika nusu yake, akashuka.

Kornelia aliyabeba mabua yale mpaka zizini. Yalitosha ng'ombe watatu na kidogo. Akayakatakata vipande vifupi ili kila mmoja apate cha kutafuna. Kesho yake jioni alikuwa anachota maji mtungini aliposikia hodi. Alikuwa Stephania, amerudi, na kichwani alikuwa na mzigo mdogo wa mabua, umefungwa kwa kamba moja.

"Mwadila, mama Felisita," alisema, na safari hii Kornelia alimtazama usoni akaitikia.